Mstari wa Ashland

Mama alifariki tarehe kumi na tisa Januari, na watu wa makaburini wakaniambia nisubiri Mei. Huku kwetu kaskazini, mji wa Calumet, ndivyo ilivyo. Ardhi ikishaganda haichimbiki, basi jeneza linawekwa kwenye ile nyumba ya mawe pale makaburini, linangoja theluji iishe pamoja na wenzake wa msimu huo. Watu wa nje wakisikia wanashika vichwa. Sisi tumezoea, tena ina faida yake: unapata miezi minne ya kujiandaa, na jamaa wa mbali hawana kisingizio.

Mimi nilikuwa na jamaa wa mbali mmoja tu niliyemtaka, dada yangu Helvi. Aliondoka nyumbani Septemba mwaka 1985, yeye na miaka ishirini na moja, mimi kumi na minane. Tangu hapo sikumwona, sikumsikia, sikujua yu hai au kafa. Alimwambia baba mezani kwamba haendi tena kanisani. Baba akasema asiyekwenda kanisani halali chini ya paa lake. Helvi akainuka, akavaa koti, akatoka, supu yake bado inatoa moshi. Baba akasema jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba hii, na halikutajwa. Mama akachukua bakuli, akaliosha.

Nitasema kweli, nilimkasirikia Helvi kuliko nilivyomkasirikia baba. Tulilala kitanda kimoja tangu utotoni. Jumamosi ndani ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, yeye ndiye aliyenisugua mgongo, na nikipiga kelele ananimwagia maji baridi kichwani. Mtu kama huyo anatoka mlangoni bila hata kugeuka kunitazama? Nikajiambia simhitaji. Nikaolewa, nikaachika, nikapika chakula cha shule miaka thelathini na mmoja, na kila nilipoona dukani mwanamke mrefu mwenye mwendo wa haraka nilimzunguka nimwone uso. Ndiyo kutomhitaji kwangu huko.

Basi mama alipokufa nilikata shauri: hazikwi bila Helvi. Siku niliyopangiwa ilikuwa tarehe ishirini Mei. Kwenye intaneti nilikuwa nimeshatafuta miaka mingi, Helvi Kangas, hakuna kitu. Watu huolewa, hubadili majina. Kilichobaki mkononi mwangu ni madaftari ya mama.

Madaftari yenyewe ni ya kadi za Krismasi. Kila Desemba mama alikaa mezani wiki nzima akiandika kadi, na kila mwaka ulikuwa na daftari lake. Upande wa kushoto aliowatumia, upande wa kulia waliomtumia. Hapo kulikuwa na sheria, na sheria ya mama haikuwa na rufaa: ukikaa miaka miwili hujamjibu, anakupiga mstari, na kadi yake hutaiona tena mpaka mwisho wa dunia. Alimpiga mstari Mjomba Arvo, kaka yake wa tumbo moja, na Arvo miaka hiyo miwili alikuwa amelazwa hospitali. Nilimtetea. Mama akasema, "Kalamu alikuwa nayo."

Kadi alizopokea alizitunza kwenye maboksi ya viatu. Watu wa huku wakituma kadi hutia na barua ya habari za mwaka: nani kamtembelea nani, nani kamzika nani, nani kaonekana wapi. Nikawaza, katika watu wote hawa lazima kuna mmoja anayejua Helvi alipo. Ila ni yupi? Nilisoma boksi zima nikaishia kuumwa kichwa.

Mwezi wa pili nikaona tangazo maktaba: "Chora Mtandao wa Watu Wako. Jumamosi asubuhi. Njoo na data zako." Sikujua data ni nini, nikadhani labda ni aina ya kompyuta. Nikamuuliza mwenye maktaba, akasema ni orodha yoyote ya nani na nani. Ahaa, nikasema, hiyo ninayo kuliko wewe.

Mwalimu alikuwa msichana anayeitwa Rosalba, anasoma udaktari wa mambo hayo chuoni Houghton. Kwao ni New Mexico, jangwani, na alikuja darasani amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Tulikuwa wanafunzi wanne.

"Umeleta nini, Bi Aili?"

"Madaftari thelathini na manane, na maboksi ya viatu kumi na moja. Mengine yamo garini."

Akatazama sanduku langu, akanitazama mimi. "Wenzako wameleta faili moja moja."

"Wenzangu hawana mama kama wangu."

Akacheka. Kisha akavuta kiti. "Kabla hujagusa programu, niambie swali lako. Picha bila swali ni pambo tu la ukutani."

"Kati ya watu wa mama, nani anajua dada yangu alipo."

"Haya," akasema. "Hilo ni swali."

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa, ni ngumu kuimaliza. Kila mtu ni nukta. Kila kadi ni mstari wenye kichwa cha mshale, unatoka kwa aliyetuma unakwenda kwa aliyetumiwa. Ukisoma kwenye barua kwamba fulani kamtembelea fulani, huo nao ni mstari. Wewe unaandika jedwali la safu tatu, nani, kwa nani, mwaka gani, na programu inakuchorea. Nilikaa jikoni kila asubuhi, kahawa kushoto, daftari kulia, naandika kwa vidole viwili. Februari ikaisha hivyo, na Machi ikaisha. Nje theluji ilifika dirishani, ndani mimi niko Krismasi ya mwaka 1991, ya 1992, ya 1993. Mwandiko wa mama ulianza umesimama wima, ukaishia umeinama. Siku nyingine nilifunga daftari nikaenda kusukuma theluji ambayo haikuhitaji kusukumwa, maana kumkosa mtu kunachosha kuliko koleo.

Nilipomaliza ilikuwa mistari elfu nne mia mbili na kumi na sita. Naitaja hesabu hiyo kwa sababu niliiandika mmoja mmoja, na kwa sababu itatufaa mbele.

Jumamosi hiyo nilimpelekea Rosalba pasti, mkate uliojazwa nyama na viazi, bado ya moto, akaila amesimama huku akifungua faili langu. Akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikajaa.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni watu wa mama yako."

"Hizo ni nywele zilizoziba bomba la bafu."

"Hata sisi tunaiita hivyo, fundo la nywele. Usiogope, tunalisafisha." Akaonyesha kidude cha pembeni. "Hiki ni kichujio. Tunabakiza mistari ya pande mbili tu, watu wanaoandikiana kweli. Hii ya upande mmoja mara nyingi ni takataka: kadi za benki, za duka, za mwanasiasa."

"Mama alipokea ya mwanasiasa akaitia motoni."

"Basi umenielewa."

Akachuja. Kisha akaniambia nibonyeze mwenyewe, na nukta zikaanza kwenda. Programu inafanya hivi: wanaoandikiana wanavutana, wasiojuana wanasukumana, na wote wanahangaika kwenye kioo mpaka kila mmoja apate mahali pake. Watu wa kanisa wakakusanyika juu. Binamu wa Minnesota wakajikunja pembeni, wabishi kama walivyo. Mama akabaki katikati, nukta kubwa ya buluu, Lempi Kangas. Nilitoa kitambaa nikapenga kamasi. Rosalba akajifanya anatafuta kalamu.

"Mbona wewe sikuoni?" akauliza baadaye.

"Mimi simo. Mtu wa mji mmoja hatumiwi kadi, ni kupoteza stempu."

Tukapekua. Kati ya kundi la kanisa na wale wa Minnesota kulikuwa na nukta moja peke yake, imesimama katikati ya njia. Toini Saarela, wa mji wa Superior.

"Huyu ndiye daraja," Rosalba akasema. "Habari ikitoka huku kwenda kule, inapita kwake. Kama kuna anayejua, ni yeye."

Nilimpigia siku hiyohiyo. Toini ana miaka tisini na mmoja na simu anaishika kama inamwunguza.

"Toini, mimi Aili. Aili wa Lempi."

"Lempi hajambo?"

"Lempi amefariki, Toini. Ulituma maua."

"Ndiyo, nilituma. Sasa kadi yangu atanijibu nani?"

"Nitakujibu mimi. Sikiliza. Unajua Helvi alipo?"

Nikasikia anaihamishia simu sikio la pili.

"Mwanangu, jina hilo baba yako aliniambia nisilitaje."

"Baba amekufa miaka ishirini na minne sasa."

"Najua. Lakini hakuniambia kwamba ameniruhusu."

"Toini. Unajua au hujui?"

"Sijui chochote. Nimekaa tu bila kulitaja."

Niliweka simu nikacheka, kisha nikashika tama. Daraja lenyewe hilo. Nikaanza kujizoeza wazo la kusimama pale kaburini peke yangu.

Jumamosi ya mwisho ya darasa, katikati ya Aprili, nilikwenda kwa sababu tu nilikuwa nimeshaoka mkate. Nikafungua picha yangu, nikawa naitazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyohama. Ndipo nikaona pale chini pembeni, kwa maandishi madogo: mistari 1,904.

"Rosalba. Mistari yangu mingine iko wapi?"

"Ipi?"

"Niliandika elfu nne mia mbili na kumi na sita. Hapa naona elfu moja mia tisa na nne."

"Tulisafisha, Bi Aili. Unakumbuka kichujio?"

"Nakumbuka. Nani alisema nataka kusafishiwa?" Sauti ilinipanda, mzee mmoja akageuka. "Mwanangu, mimi nilikuwa mpishi wa shule. Trei zikitoka mia tatu, zinarudi mia tatu. Zikirudi mia mbili tisini na nane hatuvui aproni mpaka mbili zipatikane, hata kama ziko kwenye theluji nyuma ya uwanja. Wewe umenipotezea zaidi ya elfu mbili na unaniambia takataka?"

Rosalba hakubisha. Ni msichana mwenye adabu. Akakaa karibu yangu, akageuza kichujio kinyume: iliyobaki ifichwe, iliyofichwa itoke. Ya upande mmoja tu.

"Haya, tuitazame takataka," akasema. "Mstari unaorudiwa kila mwaka unanenepa. Nitapanga kwa unene. Kwanza inayotoka kwa mama yako."

Ikajipanga. Kutoka chini: moja, moja. Moja, moja, moja. Mbili, mbili, mbili. Watu wote aliowatumia wasimjibu, kila mmoja kapata kadi moja au mbili, halafu basi. Sheria ya mama hiyo hapo, kama alivyoitunga. Hata Rosalba akaiona bila kuambiwa.

"Alikuwa mkali," akasema.

"Hujui."

Halafu akapanda juu kabisa ya orodha, na pale juu palikuwa na mstari mmoja. Thelathini na nane.

Tukarudi kwenye picha. Mstari mnene ulitoka kwa mama, ukapita watu wote, ukaenda mpaka ukingoni mwa kioo, kwenye kinukta kilichosukumwa mbali na kila mtu kwa sababu hakikuwa na mwenzake hata mmoja. Chini yake pameandikwa Ashland.

"Ashland ni nani?"

"Ni kanisa la mji wa Ashland," nikasema. "Nilidhani ni kanisa. Hakuandika jina, kaandika Ashland tu. Nimeiandika kwa vidole hivi mara thelathini na nane, Rosalba, kila mwaka mara moja, kati ya majina mia."

"Mwaka wa kwanza ni upi?"

Sikuhitaji kuangalia, lakini niliangalia. Desemba 1985.

Mama aliyemfuta kaka yake mgonjwa kwa miaka miwili ya kimya, alimwandikia mtu mmoja miaka thelathini na nane, hakujibiwa hata mara moja, na hakushika kalamu kumpiga mstari. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa kanisa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Samahani, Bi Aili," Rosalba akasema taratibu. "Kichujio nilikiweka mimi. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Si wewe uliyenificha. Nimeishi na mwanamke huyu nyumba moja miaka sita ya mwisho. Kadi zake nilizipeleka posta mimi mwenyewe, zimefungwa uzi, ndani ya mfuko. Ya Helvi ilikuwa mikononi mwangu mara sita."

Niliumia, na nilimkasirikia mama kwa hasira ambayo haina pa kwenda, maana mwenyewe yuko ndani ya nyumba ya mawe anangoja ardhi ilainike.

Kitabu chake cha anwani kilikuwa kwenye droo ya vijiko. Herufi A: Ashland, namba ya nyumba, mtaa, mlango wa nyuma. Jina hakuna. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Miaka yote hiyo nilimtafuta Florida, Alaska, nikamwota Ufini kwa mababu zetu, kumbe yuko umbali wa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Nilifika kesho yake kama saa sita mchana. Nyumba ya kijani, ngazi za mbao upande wa nyuma, koleo la theluji limeegemezwa. Nikabisha. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, kashika kitambaa cha vyombo. Tukatazamana.

"Aili," akasema.

"Ndiyo."

"Umenenepa."

"Na wewe umebaki fimbo vilevile."

Akasogea nipite. Kwetu hatukumbatiani mlangoni, kahawa kwanza. Aliiweka jikoni huku amenipa mgongo, na kwa mgongo huo huo akauliza, "Mama?"

"Januari. Hajazikwa. Mei ishirini."

Mikono yake ikasimama. Akamimina kahawa hata hivyo, ikamwagika kwenye sahani, akakaa mbele yangu.

"Kadi ya mwaka jana ilikuja kama kawaida," akasema. "Sikujua ni ya mwisho."

"Na kwa nini hukumjibu?" Nilikuwa nimejiahidi njia nzima kwamba sitamfokea. "Miaka thelathini na nane, Helvi. Mtu anakuandikia miaka thelathini na nane na wewe umekaa tu? Una moyo au una jiwe?"

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani zimepangwa kwa miaka. Akatoa ya chini kabisa, akaifungua mbele yangu. Mwandiko wa mama ule wa zamani, uliosimama wima.

*Barua yako nimeipata mimi kwa bahati. Usijibu tena. Baba ndiye anayechukua barua posta. Mama.*

"Nilimwandikia mara moja tu, nilipopata chumba hapa," Helvi akasema. "Akaniambia usijibu. Sikujibu."

"Zilizofuata zinasemaje?"

Akazifungua moja moja juu ya meza, kama mtu anayegawa karata. Mama. Mama. Mama. Hakuna kingine, jina hilo tu chini ya maandishi ya kiwandani ya heri na baraka.

"Baba alikufa mwaka tisini na tisa," nikasema.

"Najua, niliona gazetini. Nikasema basi, Krismasi hii ataniambia nijibu. Nilikwenda kwenye sanduku la barua kila siku, Aili, mimi mtu mzima mwenye mume. Ikaja." Akaigusa kwa kidole. "Mama. Mwaka uliofuata, Mama. Nikasema kumbe hataki. Ananitumia kwa sababu ni wajibu, kama anavyomtumia daktari wa meno. Marehemu mume wangu alinambia mwandikie tu. Nikamwambia humjui yule. Akisema usijibu, ni usijibu."

Nikamkumbuka Toini na simu yake, na safari hii sikucheka. Watu wa nyumba yetu, akifa aliyefunga mlango, wanabaki wamesimama nje wakingoja aje kuufungua.

"Alikuwa anakungoja," nikasema.

"Alikuambia?"

"Hakuniambia kitu. Nimeona mstari." Nikamweleza, madaftari, nukta, kichujio, msichana wa makoti mawili. "Unaikumbuka sheria yake?"

"Miaka miwili."

"Mjomba Arvo alipigwa mstari akiwa hospitali."

"Arvo?" Akafunika mdomo. "Arvo alifanyiwa hivyo?"

"Eti kalamu alikuwa nayo. Wewe alikupa miaka thelathini na nane, na angeishi angekupa ya thelathini na tisa."

Akaanza kucheka, kisha hakikuwa kicheko tena. Mimi nilitazama dirishani mpaka alipomaliza. Halafu nikauliza langu mwenyewe, lile nililobeba tangu nina miaka kumi na minane.

"Siku ile ulitoka bila kunitazama."

"Nilikutazama," akasema. "Niligeuka pale mlangoni. Wewe ulikuwa unakula supu."

"Niliinama nisionekane nalia."

Helvi akachukua kikombe changu, akaniongezea kahawa ambayo sikuiomba. Nilipovaa koti nikamwambia, "Mei ishirini, saa nne asubuhi."

"Sijui kama nitaweza kusimama pale, Aili. Pamoja na watu wale."

"Watu wale wengi wamekwisha. Njoo uone."

Hakuniahidi. Niliendesha saa tatu nikijiambia nisitegemee, na nilitegemea kila maili.

Mei ishirini ilikuwa na matope na jua kali. Tulikuwa watu kumi na wawili, Rosalba akiwemo, amevaa koti moja. Mchungaji akatazama saa, akanitazama. Nikamwambia bado. Akangoja dakika kumi. Akanitazama tena. Nikamwambia, "Amengoja miezi minne, dakika ishirini hazimuui." Mzee mmoja akakohoa. Mwisho hata mimi nikaona aibu, nikaitikia kwa kichwa, mchungaji akafungua kitabu.

Alikuwa katikati ya zaburi nilipoona gari la kahawia linasimama nje ya lango. Helvi akaja kwa mwendo wake ule ule wa haraka, akapunguza alipokaribia, akasimama karibu yangu. Mkononi alikuwa na bahasha nyekundu ya Krismasi, imeandikwa jina la mama na anwani ya nyumbani, na imebandikwa stempu.

"Stempu ya nini?" nikamnong'oneza.

"Bila stempu angesema haihesabiki."

Akainama, akaiweka juu ya jeneza. Walipoteremsha, kamba zikalia, na mkono wa dada yangu ukaushika wangu kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Sikumuuliza ameandika nini ndani.

Jumatatu nilikwenda maktaba. Rosalba alikuwa anafunga vitu vyake, anarudi kwao kwa mapumziko. Nikafungua jedwali langu, nikashuka mpaka chini kabisa, nikaandika mstari mmoja: kutoka Ashland, kwenda Lempi Kangas, mwaka huu.

"Kitaalamu," Rosalba akasema nyuma yangu, "mpokeaji alikuwa ameshafariki."

"Kadi imefika alipo. Niliiona ikifika."

Akafikiri. "Basi futa Ashland uandike jina lake."

Nikaandika Helvi. Kisha nikarudisha kile kichujio chake cha kwanza, cha pande mbili tu. Mistari zaidi ya elfu mbili ikafutika kwenye kioo, ule mnene ukabaki. Nukta zikaanza kuhangaika, na ile ya ukingoni ikaondoka mahali ilipokaa, ikaja polepole ikipita watu wa kanisa, ikipita binamu wa Minnesota, mpaka ikasimama kando ya mama.

Desemba nilinunua daftari. Nilichora mstari katikati kama yeye, kushoto nikaandika Helvi, wa kwanza, nikatuma. Kulia nikaacha wazi. Kila siku nilikwenda posta mwenyewe, na nilijua sasa alivyokuwa anakwenda dada yangu mwaka ule wa tisini na tisa, na alivyokuwa akitega sikio mama kila niliporudi na barua miaka sita ile, nami nikidhani anangoja habari za bili.

Tarehe kumi na nne ilikuja bahasha nyekundu. Niliifungulia palepale, kwenye foleni. Ndani, juu ya jina lake, kulikuwa na neno moja tu: *Jibu.*

Nikaazima kalamu kwa mwenye posta, nikajibu.